Likizo ya Vijana Nchini Oman: Mwongozo Kamili wa Wiki Moja ya Mabonde, Mchanga na Milima

Kijana wa Afrika Mashariki anayepanga likizo ya kwanza nje ya nchi aghalabu hushauriwa aende Dubai, na wengi hurudi na picha za majengo marefu na akaunti iliyokauka. Mwongozo huu unapendekeza nchi jirani, yaani Oman, kwa kuwa shughuli zake bora hufanyika nje, kwa kutembea, kupanda au kuogelea, na nyingi kati ya hizo hazina kiingilio. Gharama nzito ni ya usafiri wa ndani, nayo hupungua sana watu wanne wanapochanga na kupanda gari moja. Kwa sababu hiyo maelezo yote yanayofuata yameandikwa kwa ajili ya kundi la marafiki watatu au wanne, waliotimiza miaka 21, wanaoweza kutembea saa tatu bila kulalamika, na ambao wana wiki moja ya kutumia.

Hatua ya kwanza: kuchagua mwezi

Mwezi ndio unaoamua kama likizo itakuwa ya raha au ya mateso. Kuanzia Mei hadi Septemba joto la Maskati hupita nyuzi 40 kwa urahisi, na mtu anayetembea kwenye mabonde ya mawe saa 7 mchana katika majira hayo anahatarisha maisha yake. Msimu unaofaa ni kuanzia katikati ya Oktoba hadi mwisho wa Machi, wakati mchana wa pwani, kwa sehemu kubwa ya msimu, huwa wa nyuzi 25 hadi 30 na usiku wa milimani huwa wa baridi kweli kweli. Huu ndio msimu wa kaskazi, upepo uleule uliokuwa ukiyashusha majahazi kutoka Sur na Maskati hadi Lamu, Mombasa na Unguja.

Pekee inayovunja kanuni hiyo ni Salalah, kusini kabisa ya nchi, umbali wa kilomita 1,000 hivi kutoka Maskati. Huko upepo wa kusi huleta ukungu na manyunyu kuanzia mwishoni mwa Juni hadi Septemba, na milima hugeuka kijani wakati nchi nyingine zote za Ghuba zinaungua. Ni mahali pazuri, lakini panastahili safari yake. Kuichomeka Salalah katika wiki moja pamoja na kaskazini ni kuzimaliza siku barabarani.

Kabla ya kukata tiketi, tazama pia kalenda ya Kiislamu. Ramadhani ya 2027 inatarajiwa kuanza katika wiki ya pili ya Februari, katikati ya msimu mzuri. Mtu anaweza kutembelea Oman wakati wa mfungo, na usiku wake una uchangamfu wa pekee, lakini migahawa mingi hufungwa mchana, na kula, kunywa au kuvuta sigara hadharani kabla ya magharibi ni kosa kwa kila mtu, awe anafunga au hafungi. Kupanda milima bila kunywa maji mbele ya watu si jambo la kulipangia likizo.

Hatua ya pili: hati, dawa na maswali ya uwanja wa ndege

Viza ya utalii huombwa kwa mtandao katika tovuti ya Polisi ya Kifalme ya Oman, ambao ndio wanaoshughulikia uhamiaji. Pasipoti iwe na uhai wa angalau miezi sita tangu siku ya kuingia. Omba mapema, soma masharti yanayohusu uraia wako, na usimlipe wakala wa mtaani kwa kazi unayoweza kuifanya mwenyewe ukiwa na simu na kadi ya benki. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano kiwe ndani ya pasipoti, kwani msafiri anayetoka ukanda wetu anaweza kuulizwa.

Jambo moja halisemwi wazi mara nyingi. Vijana wengi kutoka kwetu, hasa wasichana, wamekuwa wakisafirishwa Ghuba kwa viza za matembezi ili wakafanye kazi za ndani, na baadhi yao wameteseka. Kwa sababu hiyo maofisa wa uhamiaji, wa nyumbani na wa huko, huwahoji kwa makini vijana wanaosafiri bila familia. Usichukulie maswali hayo kuwa ni matusi. Beba tiketi ya kurudi, uthibitisho wa malazi ya kila usiku, taarifa ya benki na barua ya likizo kutoka kazini au chuoni, vyote vikiwa vimechapishwa kwenye karatasi, maana simu huzimika wakati usiofaa. Na ieleweke kwamba viza ya utalii haimruhusu mtu kufanya kazi, hata ya siku mbili.

Miraa, au mirungi, ni dawa ya kulevya kwa sheria za Oman, na hakuna mzaha katika hilo hata kwa fungu dogo lililosahaulika mfukoni. Bangi hali kadhalika. Dawa za maumivu zenye tramadol au codeine zisibebwe bila cheti cha daktari. Mkoba ukaguliwe na mwenyewe usiku wa kuamkia safari, mfuko kwa mfuko, na asibebe mtu kifurushi cha jirani anayemtumia shangazi yake kitu cha Maskati.

Hatua ya tatu: fedha

Rial ya Oman imefungwa kwa dola ya Marekani kwa kiwango kilekile tangu 1986, na rial 1 ni kama dola 2.60. Rial hugawanywa katika baisa 1,000, na hapo ndipo wageni wanapojikwaa: noti ya baisa 500 huonekana kama chenji ya kumwachia mtu, kumbe ni zaidi ya dola moja. Bei yenye nambari ndogo isikudanganye. Chakula cha rial 4 ni dola 10 na ushei.

Kundi lifungue mfuko mmoja wa pamoja siku ya kwanza, kila mmoja atoe kiasi sawa, na mtu mmoja mwaminifu ashike daftari. Katika mfuko huo mtalipia gari, mafuta, maji ya kunywa na chakula cha njiani. Vitu vya mtu binafsi kila mmoja ajilipie. Ugomvi mwingi wa safari za marafiki huanzia kwenye soda ambayo hakuna aliyekumbuka nani alilipa, na daftari huuzima mapema. Kadi hukubaliwa karibu kila mahali mjini, lakini mwenye boti, muuza mishkaki na kijana anayejaza upepo matairi wanataka fedha taslimu.

Hatua ya nne: gari

Mabasi ya kampuni ya Mwasalat yanafika Nizwa, Sur na hata Salalah, na teksi za kuitwa kwa programu ya simu zinatosha ndani ya Maskati. Hata hivyo hakuna basi linalokuteremsha mlangoni mwa bonde au ukingoni mwa korongo. Anayetaka shughuli zilizoelezwa hapa atalazimika kukodi gari.

Oman huendesha upande wa kulia wa barabara. Kwa aliyezoea Tanzania, Kenya au Uganda, saa za kwanza mbili zina hatari kuliko safari yote inayofuata, hasa kwenye mizunguko, ambako mkono wa mazoea humvuta dereva upande usio wake. Chagueni madereva wawili, wachukue gari asubuhi wakiwa wamelala usingizi wa kutosha, wafanye mazoezi katika mitaa tulivu kabla ya kuingia barabara kuu, na aliyekaa kando ya dereva awe na kazi moja tu ya kumkumbusha upande. Beba leseni ya nyumbani pamoja na ya kimataifa. Kasi ya juu kwenye barabara kuu ni kilomita 120 kwa saa, kamera ziko kila baada ya masafa mafupi, na faini hufuata kadi yako hata ukiwa umekwisha kurudi nyumbani. Nje ya miji ngamia huvuka barabara bila kuuliza, kwa hiyo msiendeshe usiku katika maeneo ya jangwa.

Mtu atauliza kama gari dogo linatosha. Kwa Maskati, pwani hadi Sur, bonde la Wadi Bani Khalid na Nizwa, linatosha kabisa. Kwa mlima wa Jebel Shams gari la 4x4, yaani linalosukumwa na magurudumu yote manne, ni busara, na kwa mlima wa Jebel Akhdar ni lazima, kwa sababu kuna kizuizi cha polisi pale Birkat al Mouz na magari ya kawaida hurudishwa. Kwa kuwa kukodi 4x4 kwa wiki nzima ni ghali, njia ninayoipendelea ni kukodi gari dogo kwa wiki na kumlipa mwenyeji mwenye 4x4 kwa siku moja ya mlimani.

Kuhusu mchanga, kanuni ni fupi: usiendeshe gari la kukodi juu ya vilima vya mchanga. Bima nyingi hazigharimii uharibifu wa huko, na gari lililozama likavutwa kwa kamba hugharimu zaidi ya usiku wa hoteli. Makambi ya jangwani huwafuata wageni Bidiyah, mji ulio ukingoni mwa mchanga, kwa magari yao, na madereva wao wamekulia humo. Mtamwona dereva akisimama mwanzo wa mchanga, akichuchumaa na kutoa upepo kwenye kila tairi mpaka libonyee na kutanuka chini. Tairi pana huelea juu ya mchanga, ilhali tairi lililojaa huuchimba. Kesho yake, kwenye vibanda vya matairi vilivyoko kando ya lami, upepo hurudishwa kwa malipo madogo.

Hatua ya tano: kuipanga wiki kuanzia Ijumaa

Watu wengi huanza kupanga kwa tarehe ya ndege. Kwa Oman ni afadhali kuanza na Ijumaa na kurudi nyuma, kwa sababu mambo matatu hutegemea siku. Mnada wa mifugo wa Nizwa hufanyika Ijumaa asubuhi. Mwisho wa juma ni Ijumaa na Jumamosi, na siku hizo mabonde ya maji hujaa familia, hivyo yafaa yatembelewe katikati ya wiki. Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos hupokea wageni wasio Waislamu kuanzia saa 2 hadi saa 5 asubuhi, kila siku isipokuwa Ijumaa. Ukiyaweka hayo pamoja, mpango hujichora wenyewe: kufika Jumapili, bahari Jumatatu, pwani na Wadi Shab Jumanne, jangwa Jumatano, kuelekea Nizwa Alhamisi, mnada Ijumaa, mlima Jumamosi, msikiti na soko Jumapili, kisha ndege usiku.

Jumatatu: visiwa vya Daymaniyat

Visiwa hivi tisa vilivyo mbele ya pwani ya Seeb na Barka vimekuwa hifadhi tangu 1996. Safari za nusu siku huondoka asubuhi kwa boti za kasi, na kampuni inayowapeleka ndiyo inayoshughulikia kibali cha kuingia hifadhini. Hakikisheni bei mliyotajiwa inajumuisha kibali, miwani ya kuzamia, mrija wa kupumulia na jaketi la kuokolea. Chini ya maji kuna matumbawe, samaki wa kila rangi na kasa wa aina ya ng'amba, ambao huja kutaga visiwani humo. Katika miezi ya kutaga, kukanyaga fukwe za visiwa hakuruhusiwi, na wageni hubaki majini au ndani ya boti. Wenye bahati huonana na papa potwe, yule ambaye watu wa Mafia wanamfahamu vizuri, ingawa hakuna nahodha anayeweza kumwahidi mtu hilo kwa uaminifu.

Asiyejua kuogelea aseme mapema, avae jaketi, na ashike boya linalokokotwa na kiongozi. Hakuna aibu katika hilo. Aibu ni kunyamaza halafu kuokolewa.

Jumanne: Hawiyat Najm, Wadi Shab na Sur

Ondokeni Maskati kabla ya saa 1 asubuhi kwa barabara ya pwani. Kituo cha kwanza ni shimo la Hawiyat Najm, karibu na Dibab, ambako ardhi ya chokaa ilididimia na kuacha dimbwi la maji ya kijani-buluu lililounganishwa na bahari chini kwa chini. Mnateremka kwa ngazi, mnaoga nusu saa huku samaki wadogo wakiwadonoa miguu, kisha mnaondoka. Watakaokuwapo wakijirusha kutoka ukingoni waacheni na miguu yao; kina chake si sawa kila mahali.

Wadi Shab, mbele kidogo, karibu na mji wa Tiwi, ndiyo shughuli ninayoipa nafasi ya kwanza katika nchi nzima, na inastahili maelezo marefu. Gari huachwa chini ya daraja la barabara kuu. Boti ndogo huwavusha watu ng'ambo kwa rial 1 kwenda na kurudi, na hapo hapo mwulizeni mwenye boti saa ya mwisho ya kuvuka, kwa sababu hubadilika kwa msimu na hakuna njia nyingine ya kutoka iliyo rahisi. Kisha hufuata matembezi ya dakika 45 hadi saa moja kati ya kuta za mwamba, kwanza kwenye mitende na migomba ya wakulima, baadaye kwenye njia nyembamba iliyochongwa ubavuni mwa jabali, ambako mfereji wa kumwagilia hupita kando ya miguu. Kutoka hapo njia hugeuka mawe makubwa yaliyolainishwa na maji. Viatu vya kufunga vyenye soli ya kushika ni lazima. Ndala huishia kuelea kwenye dimbwi la kwanza.

Njia inapokoma, nguo na mikoba huachwa juu ya jiwe, na simu huingizwa katika mfuko usiopitisha maji. Mnaogelea na kutembea majini kupitia madimbwi kadhaa, kila moja likiwa na kina zaidi ya lililotangulia, mpaka mnafika mahali ambapo bonde linaonekana limefungwa na ukuta. Ukisogea karibu unaona ufa. Upana wake unatosha kichwa cha mtu, maji yamejaa hadi kidevuni, na mwanga wa kijani unatokea upande wa pili. Unapita kichwa kikiwa kimeinuliwa, mikono ikishika mwamba wa pande zote mbili, kwa muda mfupi tu, na unatokea ndani ya pango lenye maporomoko ya maji. Maji yakiwa yamepanda, au mtu akiwa na hofu ya mahali finyu, asipite. Madimbwi ya nje yanatosha.

Wasichana na wavulana waogelee kwa fulana na kaptura inayofika magotini au suruali nyepesi. Hapa ni njia ya wakulima kwenda mashambani, na mabango yanayoomba wageni wajisitiri yamewekwa kwa sababu.

Onyo lililo zito kuliko yote ya mwongozo huu linahusu mvua. Wadi ni mkondo wa maji ya milimani, na mvua iliyonyesha mbali, ambayo hukuiona wala kuisikia, huweza kufika bondeni kama ukuta wa tope. Aprili 2024 mafuriko ya ghafla yaliua watu wengi nchini humo, wakiwamo wanafunzi waliosombwa na maji wakiwa ndani ya gari katika eneo la Samad al-Shan. Tazameni utabiri wa hali ya hewa kila asubuhi. Tahadhari ikitolewa, bonde lifutwe katika ratiba siku hiyo bila mjadala, na gari lisivushwe kamwe kwenye maji yanayotembea, kitendo ambacho pia ni kosa la jinai la kuweza kumfunga dereva. Nambari ya dharura ya Oman ni 9999. Iandikeni kwenye simu za watu wote wanne.

Baada ya Tiwi mnapita Qalhat, bandari ya kale ambayo msafiri Ibn Battuta aliifikia katika safari zile zile zilizomleta Mombasa na Kilwa mwaka 1331. Mabaki yake yaliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2018. Mnalala Sur. Jioni tembeleeni karakana ya majahazi, ambako mbao bado huinamishwa na kupigwa misumari kwa mikono, na mtu wa Lamu au Nungwi atajihisi anatazama kazi ya nyumbani. Mwenye pumzi bado aende Ras al Jinz, hifadhi ya kasa wa kijani, ambako watazamaji huongozwa kwa makundi usiku na tena alfajiri. Nafasi ni chache, hivyo huwekwa mapema. Katika miezi ya baridi kasa huwa wachache kuliko katikati ya mwaka. Ziara ya alfajiri ndiyo ninayoishauri, kwa kuwa kuna mwanga na hata asiyemwona kasa huona mapambazuko ya pwani ya mashariki.

Jumatano: Wadi Bani Khalid na jangwa

Wadi Bani Khalid haihitaji matembezi marefu. Gari hufika karibu, maji yapo mwaka mzima, na kuna mgahawa. Ni mapumziko ya mchana. Alasiri mfike Bidiyah, lango la Mchanga wa Sharqiya, ambao watu wengi bado wanauita Wahiba. Eneo hilo lina urefu wa kilomita 180 hivi kutoka kaskazini hadi kusini na upana wa kilomita 80.

Chagueni kambi kwa kuuliza maswali matatu: je, bei inajumuisha chakula cha jioni na cha asubuhi, je, kuchukuliwa Bidiyah kunalipiwa kando, na je, kambi ina muziki wa usiku au ni tulivu. Shughuli zenyewe ni kuteleza kwa ubao kwenye kilima, kupanda ngamia, na kupelekwa kwa gari juu na chini ya vilima kwa mwendo unaowafanya watu wapige mayowe. Kwa maoni yangu ngamia inatosha dakika 20. Ubao unafaa zaidi, ingawa kila mteremko wa sekunde kumi hulipiwa kwa dakika kumi za kupanda tena kwa miguu. Pandeni kilima saa moja kabla ya jua kuzama. Desemba na Januari usiku huwa na baridi, na kijana aliyekuja na fulana tu kwa kuwa amesikia jangwa ni joto atalala ndani ya taulo.

Alhamisi: kuelekea Nizwa, na Kiswahili njiani

Siku hii ni ya mwendo. Mkiondoka mapema mtapitia Sinaw, ambako soko la Alhamisi huwakusanya Mabedui wenye mbuzi na ngamia, au mtapitia Ibra.

Ni katika miji hii, sawa na Maskati, mtakapoanza kusikia Kiswahili. Familia nyingi za Oman ziliishi Unguja, Pemba na pwani ya bara kwa vizazi. Wengi waliondoka baada ya mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 1964, na wengine waliitwa warudi baada ya Sultan Qaboos kushika utawala mwaka 1970. Ukimwona mzee dukani akitabasamu aliposikia mnavyozungumza, msalimu kwa heshima: “Shikamoo, babu.” Ataitikia “Marahaba, mwanangu, mmetoka wapi?” na huenda mkaishia kwenye kahawa na tende. Kahawa hunywewa kwa vikombe vidogo, na hujazwa tena mpaka utikise kikombe kuonyesha kwamba umetosheka. Chukueni kwa mkono wa kulia. Jambo la kujiepusha nalo ni kuibua siasa za 1964 kama mzaha wa vijiweni, kwa sababu mbele yenu huenda amekaa mtu aliyepoteza ndugu. Akilianzisha mwenyewe, sikilizeni.

Chakula nacho hakitawatupa ugenini. Mishkaki huchomwa kando ya barabara jioni, nguru hukaangwa au huchomwa, mandazi yapo katika nyumba nyingi, na chai ya maziwa yenye iliki huuzwa kwa kupiga honi mbele ya kibanda mkiwa ndani ya gari.

Ijumaa: mnada wa Nizwa

Fikeni sokoni saa 1 asubuhi; kufikia saa 3 umati huanza kupungua. Wanunuzi hukaa na kusimama wakifanya duara, na wauzaji huzunguka ndani yake wakiwavuta mbuzi kwa kamba huku wakitangaza bei. Mnunuzi humshika mbuzi anapopita, humfungua mdomo kutazama meno, humpapasa mgongo, hutaja nambari, na muuzaji huendelea kutembea kama hakusikia, mpaka nambari iliyo bora imsimamishe. Simameni nje ya duara, pigeni picha za mifugo kwa uhuru na za watu kwa ruhusa, na wanawake msiwapige picha kabisa bila kuwaomba ruhusa kwanza. Baadaye pandeni ngome yenye mnara mkubwa wa duara uliojengwa na Imamu Sultan bin Saif katika miaka ya 1650, muda mfupi baada ya kuwafukuza Wareno Maskati. Mchana nchi nzima hutulia kwa swala, kwa hiyo huo ndio wakati wa kupumzika au kuelekea Misfat al Abriyeen, kijiji cha mawe ambako maji ya mfereji hupita kati ya nyumba na mitende.

Jumamosi: Jebel Shams

Mlima huu, wenye kimo cha mita 3,000 hivi, ni mrefu kuliko yote ya Oman, na korongo lililo ubavuni mwake ndilo kivutio. Njia inayowafaa wasio wapanda milima huanzia kijiji cha Al Khitaym na kufuata ukingo hadi kijiji kilichohamwa, ambako nyumba bado zimebanwa chini ya mwamba. Kwenda na kurudi ni saa tatu hadi nne, na njia ina alama za rangi kwenye mawe. Haina mteremko mkali, lakini upande mmoja hauna kitu ila hewa. Tembeeni mmoja nyuma ya mwingine, kila mtu na maji yasiyopungua lita mbili, na picha za kurudi nyuma nyuma zipigwe marufuku na kundi zima. Anzeni asubuhi. Mwenye kizunguzungu cha urefu abaki kijijini na wafumaji wa mazulia. Naye atakuwa na siku nzuri.

Jumapili ya mwisho: msikiti, soko na kurudisha gari

Katika msikiti mkuu, uliofunguliwa 2001, wanawake hufunika nywele, mikono hadi kwenye vifundo na miguu. Wanaume huvaa suruali ndefu. Zulia la ukumbi wa wanaume lilifumwa kwa mikono na kuchukua miaka minne, na wageni hupita juu ya njia iliyotandikwa pembeni ili wasilikanyage. Saa moja na nusu inatosha.

Soko la Mutrah hufungwa adhuhuri na kufunguliwa tena alasiri, hivyo nendeni saa 10. Ubani huuzwa kwa daraja: vipande vyeupe vyenye ukijani ni ghali kuliko vya kahawia, na muuzaji mzuri atawasha kidogo mnuse kabla ya kulipa. Bei hupunguzwa, ila kwa upole na tabasamu. Halua ifungwe ndani ya begi linalopakiwa, kwa sababu kwenye ukaguzi wa mkobani huhesabiwa pamoja na vitu vya majimaji na huweza kuachwa mezani. Gari lijazwe mafuta, lioshwe, lipigwe picha pande zote mbele ya mpokeaji, na risiti ya kurudishiwa amana itunzwe mpaka fedha ziingie katika kadi, jambo ambalo kampuni nyingi hulichelewesha kwa wiki kadhaa zikisubiri faini za kamera.